Kidumu cha Asali Kinarudi Singida

Koku,

Barua huanza kwa kujuliana hali. Ya kwako naijua, nimekuona asubuhi ukianika kanga zako kwenye uzio, umejifunga kichwani kile kitambaa cha kwaya, mzima kabisa. Ya kwangu nawe unaijua: goti. Kwa hiyo hapo tumemaliza.

Umekwenda kuaga upande wa kanisani, na shangazi yako amekuonya usitoke nyumba ya mtu bila kula, kwa hiyo nina mchana mzima. Mambo ya sabuni, ya kulifunga begi kwa kamba, ya kutomwachia mtu usiyemjua mzigo wako basi likisimama Nzega, hayo shangazi yako ameshayasema na kesho alfajiri atayasema tena. Mimi sina la kuongeza. Mimi nimekaa kuandika kwa sababu nimeona umekiosha kile kidumu.

Kidumu cha njano. Umekisugua kwa mchanga na maji ya moto, umekianika kichwa chini, na sasa kimekaa juu ya begi lako kama kofia. 

Unanijua mimi si mtu wa kukosa neno. Shule niliishia darasa la tano kwa sababu mwalimu aliishiwa cha kunifundisha. Ndivyo ninavyosema siku zote, watu wanacheka, na nikiongeza kwamba mwalimu mwenyewe alinisindikiza mpaka barabarani huku analia, wanacheka zaidi. Mwaka ule kahawa yetu ilikauka mitini na nyumba ikaweza kusomesha mmoja. Akaendelea baba yako. Hiyo nayo ni hadithi, lakini haichekeshi, kwa hiyo huwa siisemi.

Na ile ya kifaru unaijua. Kila mtu Izimbya anaijua. Vita vilipokuja, mimi na kaka yangu Elia, baba yako, tulikutana na kifaru cha adui njia ya Kyaka, mimi nikachukua mkungu mzima wa ndizi nikausokomeza kwenye mdomo wa mzinga, adui akafyatua, tukala ndizi za kuchoma mpaka jioni. Baba yako alikuwa ananiachia. Nikifika pale kwenye ndizi za kuchoma anaongeza, "Zilikosa chumvi tu." Ndivyo alivyokuwa. Hakuwahi kunikatiza mbele za watu.

Leo nikuandikie ilivyokuwa. Tulikimbia. Tuliposikia ndege zimepiga mjini Bukoba tulifungua mbuzi wawili tukashika njia ya kusini, kuelekea Muleba, tukiwa katikati ya watu waliobeba magodoro. Mbuzi mmoja alikufa njiani. Tulikwenda mpaka Ngenge kwa sababu miguu ilikuwa bado inakwenda, siyo kwa sababu tunamjua mtu. Jioni tukasimama mbele ya nyumba moja. Akatoka mama mtu mzima, akatutazama, akamtazama mbuzi. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maelezo marefu tayari mdomoni, jinsi nyumba yetu ilivyo kubwa, jinsi sisi si watu wa kuombaomba.

Akauliza, "Huyo mbuzi wenu anakamuliwa?"

Baba yako akasema kwa adabu ya kwetu, "Anakamuliwa, waitu. Lakini anapiga teke."

"La kulia au la kushoto?"

"La kushoto."

"Basi tutakaa kulia," akasema, akaingia ndani, akatoka na kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba. Tukakaa chini tukatafuna. Hakuuliza tunatoka wapi. Hakuuliza nani amebaki. Siku zote tulizokaa kwake aliuliza vitu vya namna hiyo: kwenu ndizi za kupika mnazimenya kwa kisu au kwa mkono, kwenu kuku akiatamia mnamwekea nini. Tukawa tunajibu. Nadhani ndiyo sababu hatukuanguka.

Sikuiwaza ile nyumba ya Ngenge miaka na miaka. Niliikumbuka siku uliponiingiza mara ya kwanza dukani kwa Mama Shirini.

Unakumbuka nilivyokataa. Wewe ulikuwa unatoka kwenye kozi yako ya kupiga chapa pale Rwamishenye, umejaa moto, unasema, "Baba mdogo, njoo uone, watu wanaongea kwenye kompyuta na hawajuani." Nikasema mtu mzima hawezi kwenda kuongea na kioo. Mama Shirini alikuwa ameshaondoa majora ya vitambaa ya marehemu mume wake, amebakiza rafu tupu na ile harufu ya pamba mpya, na kwenye meza ya kukatia vitambaa amepanga zile kompyuta. Nikakaa pembeni yako na kofia magotini. Ukafungua lile baraza la Kiswahili, ukanisomea.

Mtu wa Tanga: kuku wangu anakula mayai yake mwenyewe, nifanyeje?

Nikakaa wima. Nikasema, "Mwambie atoboe yai, alimwage, alijaze pilipili, aliweke kiotani." Ukaandika. Tukanunua maandazi nje, tukarudi, mtu wa Tanga ameshajibu: asante sana mzee wangu, kesho najaribu. Mzee wangu. Mtu sijamwona.

Basi tukawa watu wa kwenda mjini kila siku ya soko. Ukanipa jina, Mzee wa Migomba. Sijui mtu mwingine Kagera nzima aliyejulikana Tanzania nzima kama mimi kwa muda mfupi hivyo, na hapo sijatia chumvi, au nimetia kidogo. Wakauliza senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wanatoka wapi. Nikawaambia wanatoka mwezini, wanashuka na mvua ya Novemba, na sisi Wahaya tumeruhusiwa kuwala kwa sababu tuliwakaribisha vizuri. Jamaa mmoja akauliza tena, kwa adabu kabisa, kama wanashuka na mabawa au mabawa yanaota wakifika. Ulicheka mpaka Mama Shirini akaja kuangalia kama umeharibu kitu.

Mama Hawa wa Singida alikuja na cherehani. Fundi wa nguo, alisema, na cherehani yake inaruka mishono, ameshabadilisha sindano, nifanyeje? Mimi cherehani nimeiona tu kibarazani kwa watu. Ulinitazama ukasema, "Baba mdogo, hii tuiache."

"Andika. Pitisha uzi kwenye kipande cha sabuni kavu."

"Umeitoa wapi?"

"Andika."

Na ikafanya kazi, Koku. Wiki iliyofuata akaandika kwamba cherehani inakwenda kama maji. Hapo ndipo nilipoharibika. Kama ingekataa, ningepata aibu kidogo nikajifunza. Haikukataa. Nikaamini kwamba kinywa changu kina dawa.

Baba yako wakati huo alikuwa ameshaanza kulala mchana.

Hapa kwetu tulikuwa tunajua na hatusemi. Nyumba kwa nyumba hivyo hivyo. Mama yako tulimzika tukasema ni kifua. Matanga yalikuwa mengi mpaka wazee wakakubaliana kuyafupisha, maana jembe halishikwi msiba ukiwapo na vibanja vya migomba vilikuwa vinaota majani. Ukikutana na mtu njiani anauliza, "Mgonjwa?" unasema, "Yupo," anasema, "Wakola, waitu," yaani pole na kazi, anapita. Hakuna aliyekuwa anaweza kumuuliza mwenzake: mtu akishindwa kumeza kwa sababu mdomo umejaa utando mweupe, anapewa nini? Hilo swali ukiliuliza kijijini umeshataja jina la ugonjwa.

Kwa hiyo nikaenda kumuuliza mtu asiyenijua.

"Andika: nina jirani."

Ukageuka. "Jirani yupi, Baba mdogo?"

"Jirani. Andika."

Ukaandika. Nilikuwa naangalia vidole vyako, sikutaka kuangalia zaidi ya hapo. Na aliyejibu ni Mama Hawa. Alisema naye ana dada yake ndani, anamuuguza. Hakuuliza ugonjwa. Alisema: maji ya uvuguvugu na chumvi, asukutue kabla ya uji na baada ya uji. Uji mwepesi, kidogo kidogo, mara nyingi, siyo bakuli moja la kumtisha. Mgeuze, asilalie upande mmoja. Na vile vidonge vya kifua vikimtia kichefuchefu, mpe baada ya uji, lakini asiache, hata akikulilia asiache.

Mimi nikamwambia kitu kimoja, na hiki kilikuwa cha kweli: chini ya mgonjwa mwenye vidonda tandika jani changa la mgomba, lile ambalo bado limejikunja, lipitishe juu ya moto lilegee. Haligandi kwenye ngozi. Akasema Singida migomba ni ya kutafuta, lakini amepata kwa mtu mwenye kisima, na dada yake amelala usiku mzima mara ya kwanza. Ulinisomea hiyo mara mbili. Tukarudi nyumbani, mimi nikatandika jani, wewe ukachemsha maji ya chumvi.



Baba yako alimeza vidonge vyake mpaka mwisho. Nataka ukijue hicho hata kama ulikuwapo. Mkono ulipokataa nilikuwa namwekea ulimini. Siku moja akaniambia, sauti imeshakwisha, "Zimekosa chumvi tu." Sikuelewa mpaka alipokuwa amelala.

Alipokufa sikulia. Watu walisema huyu bwana ana moyo wa chuma, na mimi nikawaachia waseme, hata nikaongeza kidogo. Haikuwa chuma. Hakikuja kitu. Nilisimamia kaburi, nilipima kwa kamba, nilimgombeza aliyekata mgomba uliokuwa bado haujakomaa. Nilikula. Wewe ulikaa na kina mama ndani, na nilipochungulia nikaona nawe hulii, umeshika kona ya mkeka unaikunja na kuikunjua.

Siku zile za matanga ndipo kikaja kidumu. Kondakta alikiacha dukani kwa Mama Shirini, kikaletwa na mtu wa baiskeli. Asali ya Singida, kwa jirani wa Mzee wa Migomba, apone haraka. Shangazi yako hakujua ni ya nani, akaifungua akaitia kwenye chai ya waombolezaji. Waliisifu sana. Mzee mmoja akaomba apakiwe kwenye kipande cha ndizi ya kuchoma. Na mimi nilionja, nikasema ni asali yenyewe, nimewahi kuila ikulu.

Tulipomaliza matanga tukaenda mjini. Nilikwenda kumshukuru na kumwambia. Uongo huo sina, Koku, nilikwenda kumwambia. Nilikuwa nimepanga maneno tangu kwenye mteremko. Ukafungua, na pale kioo kizima watu wanauliza. Mzee wa Migomba umepotea. Mzee wa Migomba, asali ilifika? Mgonjwa ameonja? Mtu wa Tanga naye, yule wa kuku: tunamwombea jirani yako.

Ulisubiri mikono ikiwa juu ya vitufe.

"Andika: ameonja."

Hukuandika.

"Andika. Ameonja, ameomba tena."

Basi ukaandika, na watu wakafurahi. Ilikuwa kama nyumba yenye watu wengi. Nikasema andika nilichanganya ile asali na maji ya ndizi yaliyokamuliwa, kabla hayajachacha kuwa lubisi, pombe yetu, kikombe asubuhi kikombe jioni. Nikasema andika ameketi. Soko lililofuata nikamsimamisha. Soko la baada ya hapo akapogoa migomba mitatu. Nilimjengesha banda la kuku. Nilimpeleka kanisani nikamwimbisha besi. Sijui wewe ulikuwa unawaza nini. Mimi nilikuwa siwazi kitu, nilikuwa naona tu kwamba mle ndani bado anakula, na nikitoka nje ya mlango wa Mama Shirini hayupo. Ukinisoma utasema huyu alikuwa na uchungu. Labda. Mimi sikuusikia. Nilikuwa nasikia watu wanafurahi.

Kisha mtu akauliza: na vidonge bado anameza?

"Andika: vidonge tuliacha."

Ukaondoa mikono mezani ukaiweka mapajani. Ukasema polepole, "Baba mdogo, vidonge tuliacha lini?"

"Koku. Mtu anayepogoa migomba anameza vidonge vya nini? Andika."

Nakumbuka ulivyoandika. Kidole kimoja kimoja, wewe unayepiga chapa bila kuangalia.

Na soko lililofuata Mama Hawa akaandika. Ulianza kusoma kwa sauti ukaishia katikati, nikaumalizia ujumbe mwenyewe, mimi wa darasa la tano. Alisema amempa dada yake kama nilivyoeleza, kikombe asubuhi kikombe jioni, ndizi amezipata kwa yule wa kisima. Vidonge ameviweka kabatini. Leo hawezi hata kuketi. Mzee wangu, nimekosea wapi?

Nikasema, "Funga."

"Baba mdogo, tumjibu."

"Kesho."

Njia nzima ulikuwa mbele yangu. Tulipofika kwenye kahawa zetu ukasimama ukasema bila kugeuka, "Anauliza yeye amekosea wapi. Yeye." Nikasema nimesikia.

Sikurudi mjini. Kahawa iliiva, ikachumwa, ikaanikwa, nikamtuma mtu kuipeleka. Nikasema goti. Wewe ungeweza kwenda peke yako ukamjibu, mashine unaijua, jina langu unalijua. Hukwenda. Uliacha neno mahali lilipo, kwa mwenyewe. Hatukugombana. Ulinipikia, ulinisalimia asubuhi, "Baba mdogo, umeamkaje," na mimi nikajibu. Tulikuwa kama watu wawili wanaosubiri mvua iishe chini ya paa la mtu.

Kisha ukaja na habari za chuo cha uuguzi. Nikafurahi, nikatangaza kijiji kizima kwamba serikali imenitumia barua ya kukuomba. Nikauliza chuo gani, maana vyuo vipo hapa hapa Kagera, unaweza kuja nyumbani kula senene msimu ukifika. Ukasema, "Singida." Shangazi yako akaanza: Singida kuna nini, Singida tuna nani, Singida ni upepo mtupu. Ukasema umeshapata nafasi na kitanda bwenini kipo. Ukanitazama mara moja tu, siyo kwa hasira. Mimi nikasema, "Singida ni pazuri," nikatoka nikaenda kuangalia migomba isiyokuwa na shida yoyote.

Na jana ukaosha kidumu.

Kwa hiyo asubuhi hii, ulipokuwa unaanika kanga, nilipokwambia nakwenda kwa fundi wa baiskeli, nilikwenda mjini. Mama Shirini alikuwa mlangoni anakunywa chai.

"Mzee! Karani wako yuko wapi?"

"Anasafiri."

"Na wewe utaandika mwenyewe?"

"Mama, mimi nilizima kifaru."

"Basi kaa," akasema. "Ila usibonyeze kwa nguvu, huo si mlango."

Nikakaa kwenye kiti chako. Koku, sikujua kwamba herufi hazikupangwa kwa utaratibu wa a, b, ch. Nani aliyezimwaga vile? Nikauliza, "Mama, H iko wapi?" Akasema, "Iko chini ya kidole chako, mzee." Watoto wa shule waliokuwa nyuma wakacheka, nami nikawaachia wacheke.

Nikaandika mengi. Niliandika kwa nini. Niliandika ya Ngenge, ya matanga, ya chai, na nadhani kifaru nacho kiliingia mahali. Nilimweleza kwamba mimi ni mtu ambaye watu hunisikiliza. Nilikuwa nimefika pazuri, karibu nionekane mtu mwema, umeme ukakatika. Kioo cheusi. Ulipofanyika utaratibu wa jenereta na Mama Shirini akaniwashia tena, hapakuwa na hata herufi moja. Akasema, "Pole mzee. Utaanza upya?" Nikaangalia vidole vyangu vimechoka. Nikaandika kile ambacho vingeweza.

Nimekinakili hapa ili ujue umebeba nini, herufi zote kubwa kwa sababu sikupata njia ya kuzipunguza:

MAMA HAWA HUKUKOSEA. MIMI NILIDANGANYA. MGONJWA NI KAKA YANGU ELIA. ALIKUWA NA UKIMWI. ALIKUFA KABLA YA ASALI KUFIKA. VIDONGE ALIMEZA MPAKA MWISHO. TOA VIDONGE KABATINI MRUDISHE DADA HOSPITALI. BINTI WA ELIA ANAKUJA SINGIDA.

Lile jina la ugonjwa sijawahi kulitamka mbele yako, wala mbele ya baba yako. Nimeliandika kwanza kwa mtu wa Singida. Ndivyo nilivyo, naomba unichukue hivyo.

Nikabonyeza pale Mama Shirini aliponionyesha. Nikakaa nikiangalia. Hakikuja kitu. Nimechelewa, najua, msimu mzima wa kahawa umepita juu ya swali lake. Tangu siku ile hajaandika tena, si kwangu si kwa mtu mwingine, nimeangalia mpaka chini. Sijui dada yake yuko wapi. Chini kabisa yule wa Tanga alikuwa ameniachia neno: Mzee wa Migomba umepotea, mchwa wanakula mlango wangu, nifanyeje? Watu humwaga majivu, najua, lakini sijawahi kuona majivu yakimshinda mchwa. Nikaandika SIJUI. Nikaangalia hilo neno limekaa pale na jina langu juu yake. Mama Shirini akasema, "Mzee, leo umefupisha." Nikamlipa nikatoka.

Sasa kidumu. Nimekichukua juu ya begi lako, usishtuke ukikikuta kizito. Chombo cha watu hakirudi kitupu, hilo hata Singida wanalijua. Nimekijaza kahawa ya kutafuna, ile niliyochemsha na majani ya kunukia wiki iliyopita, imekauka vizuri. Zamani watu wawili wasiojuana waligawana tunda moja la kahawa, kila mmoja punje yake, kwa tone la damu, wakawa ndugu mpaka kufa. Siku hizi nani atathubutu damu ya mwenzake. Kahawa peke yake itatosha.

Sikutumi. Uliamua mwenyewe kabla sijapata akili. Chuoni una kitanda na sahani, ukiona moyo unakataa, kidumu kiache chini ya kitanda na usome. Lakini nakujua. Utamtafuta, atakuwa ama amesoma ama hajasoma. Ikiwa hajasoma, karatasi hii mpe aone yale maneno, usiyaseme kwa mdomo wako, si yako. Akikufungia mlango, kiache kidumu kizingitini, usigonge mara ya pili. Akikufungulia, ukakuta dada yake yupo, unajua namna ya kutandika jani. Ukakuta hayupo, kaa chini utafune, usimweleze habari zangu. Muulize cherehani inaendaje.

Humo kwenye mtandao utarudi, najua, umri wako ndio huo, na utakutana na watu wengine wanaouliza kuhusu kuku na mchwa na ngozi za watoto. Wajibu. Mimi sitakwambia uache. Yule mama wa Ngenge hakuwa na kompyuta lakini alikuwa na maswali ya kututosha, na nisingekuwa hai bila mtu nisiyemjua. Ninachoweza kukupa ni kile nilichokipata leo asubuhi kwa kidole kimoja: ukiwa hujui, neno lake ni fupi, na kioo hakivunjiki.

Nasikia sauti yako barabarani, unacheka na mtu, nadhani umebebeshwa mkungu mwingine. Barua hii naikunja naisukuma ndani ya mfuniko wa kidumu, utaikuta basi likiwa limeshapita Biharamulo, wakati huwezi kurudi kunifokea.

Kitu kimoja tu. Mama Hawa akikuuliza Elia alikuwa mtu wa namna gani, mwambie wewe. Sema alivyokuwa. Mimi nikianza nitamsimamisha tena, nitampa kisu, atapogoa kibanja kizima.

Ni mimi, baba yako mdogo, Izimbya, na goti langu.